Kicheko Kilichosakwa na Polisi

Naomba ieleweke mapema kwamba mimi ni raia mtiifu wa Jamhuri ya Shwari. Wimbo wa taifa ukipigwa nasimama hata kama niko bafuni, na nikisikia king'ora cha msafara wa viongozi najibanza ukutani hata kama nimo ndani ya nyumba yangu. Haya ninayosimulia ni sifa kwa Jeshi letu la Polisi. Atakayeona humu kitu kingine, hayo ni macho yake.

Mtaa wetu unaitwa Chemchemi. Ulipewa jina hilo na mkuu wa mkoa mmoja aliyeamini kwamba mahali pakishapata jina zuri, kazi iliyobaki ni ndogo. Mimi ni fundi cherehani hapo mtaani, kwa hiyo ndimi niliyeshona utepe siku Waziri wa Maji, Mifereji na Matumaini alipokuja kutuzindulia bomba. Tulipangwa juani tangu asubuhi, wafupi mbele, warefu nyuma, wenye nguo zilizochakaa nyuma kabisa. Bomba lilijengewa kijukwaa cha marumaru mbele ya ukuta. Nyuma ya ukuta huo liliegeshwa boza, lori kubwa la maji, na mpira wake mrefu ulipita chini ya ukuta ukaingia kwenye bomba. Mtu mmoja aliuliza boza ni la nini. Akaambiwa ni la usalama.

"Ndugu wananchi!" alisema Waziri. "Maji ni uhai. Na uhai ni nini? Uhai ni maji! Kwa hiyo leo nimewaletea vyote viwili kwa mkupuo mmoja!"

Akafungua koki. Maji yakaruka, yakamlowesha viatu, nasi tukapiga vigelegele vya kweli, maana kwa miaka mingi tulikuwa hatujaona maji yakitoka ukutani. Waziri alipoondoka, boza nalo likaondoka. Lilikuwa na uzinduzi mwingine wilaya ya jirani.

*

Jirani yangu Sikitu Mbaruku ana saluni ya kike, chumba kimoja chenye kioo kikubwa na picha za mitindo ya nywele zilizofifia kwa jua. Ni mwanamke wa makamo, mabega mapana, mikono inayonukia mafuta ya nazi. Ana kicheko ambacho mtaa mzima tunakijua. Kinaanza kama kikohozi, kinapanda kama pikipiki iliyobeba mizigo mlimani, kisha kinaishia kwa "mama yangu weee!"

Kesho yake baada ya uzinduzi alikuwa na kazi ya kumtengeneza Hidaya, binti aliyekuwa anaolewa wiki ile. Alimpaka dawa ya kulainisha nywele. Anayeijua dawa ile anajua haina subira. Usipoisuuza kwa wakati, inachoma ngozi. Siku nyingine Sikitu asingethubutu kulifungua kopo bila kuwa na ndoo za akiba. Lakini jana yake alimwona Waziri kwa macho yake akilowa viatu. Akaamini.

Dawa ilipoanza kuwasha, alimshika Hidaya mkono wakakimbilia bombani.

"Dada Sikitu, naungua!"

"Vumilia mdogo wangu, maji haya hapa."

Akafungua koki. Bomba likavuta pumzi, fyuuu, likakohoa vumbi, likanyamaza. Akafungua zaidi. Kimya. Hidaya alikuwa amepiga magoti kwenye marumaru ya Waziri, analia na kujishika kichwa. Mwenye duka la jirani akatoka mbio na kreti ya soda, maana ndicho kitu pekee cha majimaji alichokuwa nacho, tukamsuuza bi harusi kwa soda ya machungwa huku tukifungua chupa kwa meno. Nywele nyingi zilipona. Juu ya sikio la kushoto kilibaki kidonda kikubwa kama mdomo wa kikombe, na Hidaya akaolewa ameshusha ushungi hadi kwenye nyusi.

Alipokwisha kumfunga kitambaa, Sikitu alirudi bombani na simu yake. Video aliyopiga ilionyesha koki, utepe wangu ukiwa bado umening'inia, na mkono unaofungua. Ikasikika fyuuu. Kisha kikasikika kile kicheko. Mimi nilikuwa nimesimama karibu naye. Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, na hayakuwa machozi ya furaha.

Aliituma kwenye kundi letu la simu, Wanawake wa Chemchemi, bila maneno yoyote. Kabla jua halijazama nchi nzima ilikuwa imeisikia.

*

Nchi yetu ina Kitengo cha Makosa ya Mitandao, chenye ofisi katika kituo cha polisi kilicho jirani na mtaa wetu, na mkuu wake ni Kamishna Ngurumo, mtu mwenye nishani nyingi kiasi kwamba akikaa chini husikika. Kitengo kina kazi nyingi. Wiki ile ile Mwalimu Kizito, mstaafu wa shule yetu, alikwenda kulalamika kwamba kuna mtu ameiba ukurasa wake wa mtandaoni na anauza dawa ya kurudisha ujana kwa kutumia sura yake.

"Mzee, huyo mwizi amecheka?" aliulizwa mapokezi.

"Hapana, afande. Anauza dawa. Na watu wanainywa."

"Basi kaa kwenye benchi. Kwa sasa tunashughulika na wanaocheka."

Ilikuwa kweli. Sheria ya Utulivu wa Mitandao inakataza kucheka kwa nia ovu kwa njia ya kielektroniki. Polisi walianza na wale walioweka alama ya kicheko chini ya video. Waliitwa mmoja mmoja waeleze walichofurahia. Walikuwa wengi, benchi zikaisha, wengine wakahojiwa wamesimama kwenye foleni iliyopita sokoni. Kijana mmoja alijitetea kwamba kidole chake kiliteleza. Kidole kikawekwa chini ya uangalizi.

Lakini mwenye kicheko chenyewe hakuonekana uso. Hapo ndipo Kamishna alipomwita mpelelezi wake hodari, Koplo Fanuel Machibya, akamwambia, "Ingia mtandaoni ukiwa mwingine. Wachekeshe. Atakayecheka kama huyu, mlete."

Koplo akafungua akaunti kwa jina la Mama Chausiku Nguo za Watoto, akaweka picha ya mwanamke aliyebeba mtoto mgongoni, akaomba kujiunga na kundi letu. Mwenyekiti wa kundi alikuwa Sikitu mwenyewe. Akampokea.

"Karibu sana mwenzetu. Una sweta za watoto? Huku kwetu baridi imeanza."

Koplo akajibu anazo. Angejibu nini? Basi kwa ajili ya usalama wa taifa polisi wakaingia sokoni kuchambua mitumba ya sweta, na zikawa zinatufikia kwa bodaboda zimekunjwa vizuri sana, kona kwa kona, kama mashuka ya kambini. Kati ya sweta na sweta, Mama Chausiku alituletea vichekesho. Baadaye tulikuja kujua kwamba kila kichekesho kilipitiwa kwanza na ofisi ya Kamishna na kugongwa muhuri.

"Kuku alitaka kuvuka barabara," aliandika siku moja. "Akatumia kivuko cha waenda kwa miguu. Akafika salama."

Mwenzetu mmoja akauliza, "Halafu?"

"Halafu basi. Alifika salama."

Kesho yake akaja na kingine. "Mlevi aliacha pombe. Mkewe akafurahi."

Hakuna aliyecheka. Tulianza kumhurumia. Sikitu akamwandikia, "Mama Chausiku, nyumbani kwema? Tunaona kama huna raha." Wenzake wa ofisini wanasema Koplo aliutazama ujumbe ule muda mrefu. Miaka yote aliyokaa kazini, hakuna mkubwa wake aliyewahi kumuuliza kama nyumbani kwema.

Upelelezi ungekwama hapo, kama Kamishna mwenyewe asingetoa taarifa kwenye ukurasa wa Jeshi. Ilisomeka hivi: "Jeshi la Polisi limebaini kuwa sauti iliyosikika katika video ya bomba la Chemchemi si kicheko cha raia wa Shwari. Ni kicheko kilichotengenezwa ughaibuni na kuingizwa nchini bila kibali. Kuhusu upepo uliotoka bombani, wataalamu wamethibitisha kuwa ni maji yaliyo katika hali ya awali."

Koplo aliituma kwenye kundi kwa uaminifu wote, kama onyo. Wala hakujua kwamba hicho ndicho kichekesho.

Sikitu alikuwa anasuka nywele za mteja. Akasoma, akaweka kitana chini, akabonyeza sehemu ya kurekodi sauti. Kikaanza kikohozi. Kikapanda mlima. "Maji katika hali ya awali! Mama yangu weee!"

Polisi waliziweka sauti mbili sambamba. Zilifanana mpaka kwenye "weee."

*

Walimfuata saluni asubuhi, gari mbili. Koplo Machibya ndiye aliyemfunga pingu, ameinamisha macho.

"Bi mwenyekiti, samahani. Uko chini ya ulinzi."

"Mwenyekiti wa nini?" Sikitu akamtazama. "Nani amekwambia mimi ni mwenyekiti?"

Sikitu akamkagua kuanzia kofia hadi buti.

"Ala! Mama Chausiku! Kumbe una ndevu. Na ile sweta inambana mwanangu kwapani, nikitoka huko utanibadilishia."

Mahojiano yalivyokwenda alitusimulia mwenyewe. Kamishna alikuwa amemwandalia kiti, kamera, na maneno ya kusema: kwamba alicheka kwa kupotoshwa, kwamba anaiomba radhi serikali, na kwamba maji yapo.

"Niombe radhi kwa kosa gani, afande?"

"Ulicheka."

"Nilifungua bomba. Bomba lilikohoa lenyewe."

"Ulicheka, mama!"

"Ningelia mngeniacha?"

Kamishna akamgeukia msaidizi wake. Msaidizi akapekua sheria. "Kulia kuna kifungu chake, afande."

Hapo Sikitu akaacha mzaha. "Nisikilize," alisema. "Kuna mtoto wa watu ana kidonda kichwani. Nimemuunguza mimi, kwa mikono hii, kwa sababu nilimwamini kiongozi aliyesimama kwenye marumaru. Nimekwenda kwa mama yake nikapiga magoti. Waziri bado hajaja. Katika chumba hiki mimi nimekwisha kuomba radhi. Ninawasubiri nyinyi."

Kamishna akapiga meza, nishani zikalia. "Maji yapo!"

"Nionyeshe. Nikiyaona kwa macho yangu, nitasema mbele ya nchi nzima kwamba yapo."

Kamishna akatabasamu. Uani kwa kituo kulikuwa na tangi kubwa juu ya mnara, linalojazwa na boza kwa ajili ya kuoshea magari ya polisi, na chini yake kulikuwa na bomba. Akaagiza kamera iletwe, ukurasa wa Jeshi ufunguliwe, na tukio lirushwe moja kwa moja.

*

Tuliangalia dukani, mimi na Hidaya na wengine, kwenye simu moja iliyosimamishwa kwenye kopo la sukari. Kamishna alivaa kofia ya gwaride. Akafungua koki, maji yakamwagika mengi, meupe.

"Ndugu wananchi! Haya hapa maji! Maji ya Chemchemi, yapo, yanatiririka, ni safi, ni bure! Asiyeamini aje aone kwa macho yake! Sasa mtuhumiwa, sema."

Sikitu alisogea na pingu zake. "Ni kweli," alisema. "Maji yapo. Nayaona."

Dukani tuliguna. Mama mmoja akasema, "Wamemvunja."

"Ila afande," Sikitu akaendelea, "nisije nikapotosha watu tena. Haya ni maji ya nani?"

"Ya kila mwananchi!"

"Hata wa mtaani kwetu?"

"Hasa wa mtaani kwenu!"

"Na geti la kituo, afande? Huwa limefungwa."

Kamishna aliona mioyo midogo ikipanda kwenye kioo cha simu, maelfu ya watu wakimtazama. Akavuta kifua. "Polisi ni rafiki wa raia! Kuanzia leo geti letu liko wazi!"

Sikitu akageuka, akatazama kamera moja kwa moja. "Wenzangu mmesikia. Mwenye ndoo aje."

Hidaya ndiye aliyesimama wa kwanza. Akarekebisha ushungi, akachukua ndoo ya dukani bila kuuliza bei, akatoka. Mimi nikachukua madumu yangu, kwa utii tu, kwa kuwa nimeitwa na Kamishna. Tulipofika barabarani milango ilikuwa inafunguka kila upande, wanawake wanatoka na ndoo, beseni, masufuria, mmoja na beseni la mtoto likiwa bado na sabuni.

Getini alisimama Koplo Machibya.

"Mnakwenda wapi?"

"Kuona kwa macho yetu," alisema Hidaya.

"Sijapewa amri ya kuwaruhusu."

Nikamwambia kwa upole, kama raia mwema, "Koplo, taarifa ya Kamishna kwamba geti liko wazi bado inaonekana ukurasani. Ukifunga geti, utakuwa umesema ni ya uongo. Na kuita taarifa ya Jeshi uongo nadhani kuna kifungu chake."

Akatufikiria. Alitupitia macho mmoja mmoja, wanawake wale wale aliowauzia sweta. Sijui alikuwa anatafuta nini kwenye nyuso zetu. Akafungua geti, pande zote mbili, kisha akasimama pembeni.

Tulianza kuchota. Mwalimu Kizito, aliyekuwa bado kwenye benchi akisubiri zamu yake, alisogeza miguu ndoo zipite. Kamishna akatoka ofisini anakimbia.

"Nani amewaruhusu hawa?"

"Wewe, afande," alijibu Koplo.

"Futeni ile taarifa!"

Msaidizi akapekua. "Kufuta taarifa ya serikali ni kuharibu kumbukumbu, afande. Kuna kifungu. Na watu wamekwisha kuinakili."

"Basi funga koki! Funga!"

Askari mmoja akasogea. Hidaya aliweka ndoo chini, akashika koki kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akavua ushungi. Nilikuwa sijakiona kidonda tangu siku ile. Kilikuwa kimeanza kukauka pembeni, katikati bado chekundu, na kandokando yake nywele zilikuwa zimekatika.

"Afande," alisema, koki bado mkononi. "Funga wewe mwenyewe. Usimtume mtu. Njoo uutoe mkono wangu hapa, hizi simu zote zikuone."

Simu zilikuwa juu. Hata kamera ya polisi ilikuwa bado inarusha, kwa kuwa hakuna aliyetoa amri ya kuizima. Kamishna alipiga hatua, akaitazama koki, akamtazama yule binti kichwani. Akabaki pale pale.

Tangi lilipokauka ikabidi aagize boza kwa simu. Lilipoingia getini tulilitambua, mpira wake mrefu umeviringwa ubavuni, tukalipigia vigelegele kama tulivyompigia Waziri. Dereva alishangaa. Akauliza kwa sauti kubwa, kwenye kamera ya polisi, "Leo tunazindua nini?"

*

Kamishna akaingia ndani akatoa amri ya busara: mwanamke aachiwe, wenzake watamfuata. Koplo akamfungua pingu, akamrudishia simu yake. Sikitu akajisugua vifundo vya mikono, kisha akaketi kwenye benchi karibu na Mwalimu Kizito.

"Uko huru, Bi mwenyekiti," Koplo alimnong'oneza. "Nenda nyumbani."

"Siendi kimyakimya. Wamenitangaza nchi nzima kwamba ni mhalifu. Wanitangaze nchi nzima kwamba si mhalifu. Na huyu mwalimu asikilizwe, amekaa hapa mpaka suruali imepauka."

"Watakurudisha ndani."

"Watanirudisha wakiwa hewani."

Tukaacha kuchota, tukakaa chini uani, kila mtu juu ya ndoo yake. Hatukuimba wala hatukupiga kelele. Tulikaa tu. Msaidizi alipekua sheria mbele na nyuma akitafuta kifungu cha kukaa juu ya ndoo, asikipate. Jua lilizidi kuwa kali, na ofisini kwa Kamishna simu ilikuwa inalia bila kupokelewa. Mwishowe akatoka, kofia ya gwaride kwapani, akasimama mbele ya kamera yake.

"Ndugu wananchi. Baada ya uchunguzi wa kina, Jeshi la Polisi limejiridhisha kuwa Bi Sikitu Mbaruku hana kosa. Kicheko chake kimethibitika kuwa ni cha ndani ya nchi. Na malalamiko ya Mwalimu Kizito yanaanza kushughulikiwa leo."

Tukasimama. Mama mmoja akamtwisha Sikitu ndoo iliyojaa, naye akaielekea njia, shingo wima. Kamishna, kwa kuwa kamera ilikuwa bado inamtazama na hakutaka siku iishe hivi hivi, akamwita.

"Bi Sikitu! Kabla hujaondoka, waahidi wananchi kwamba hutacheka tena."

Sikitu akageuka taratibu, maji yasimwagike.

"Hilo siwezi kuahidi, afande," alisema. "Itategemea kesho mtasema nini."